Siku Niliyomwita Fundi Yoeli Mwizi

Cheni ya baiskeli ikioshwa kwa mafuta ya taa hutoa harufu ya peke yake. Si ya mafuta ya taa tena, wala si ya grisi. Ni nzito, chungu kidogo, ina chuma ndani yake, na ikishaingia puani haitoki upesi. Mwezi uliopita nilishuka kutoka Mashewa, ninakofundisha shule ya msingi, nikaenda Korogwe mjini kumnunulia mwanangu viatu. Nilipokuwa nakatiza nyuma ya maduka nikapita karibu na fundi mmoja aliyechutama, anasugua cheni kwa mswaki mkuukuu ndani ya dumu lililokatwa. Nikasimama hapo mpaka yule kijana akainua uso na kuniuliza, "Mama, umeleta baiskeli?"

Nikamwambia hapana, nikaondoka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Nyinyi ninaowasimulia hamnijui, na labda ndiyo maana naweza kuwaambia. Nilipokuwa na miaka kumi nilimwita mtu mwizi mbele ya watu, mchana kweupe, kwa sauti yangu yote. Niliamini kabisa nilichosema. Na nyumbani nilipongezwa.

Baba yangu, Mzee Rajabu, alikuwa fundi cherehani. Kijiji chetu kiko kando ya barabara itokayo Handeni kwenda Korogwe, mahali ambapo vumbi jekundu wakati wa kiangazi huingia mpaka kwenye sufuria ya mchuzi. Siku za kawaida alishona barazani kwetu. Siku za gulio alikifungua kichwa cha cherehani, akakizungushia blanketi na kukifunga kwenye keria ya baiskeli, akaenda nacho vijiji vya jirani. Alikuwa na sifa ya tundu za vifungo. Watu walileta mashati yaliyoshonwa kwingine ili yeye afanye tundu tu.

Baiskeli hiyo aliinunua Tanga mjini, ya mtumba, iliyoshushwa melini pamoja na nyingine nyingi. Sisi tulizoea zile nyeusi zenye kiti kigumu. Hii ilikuwa ya kijani kilichopauka, matairi manene, tandiko pana lenye springi mbili, na usukani mpana uliorudi nyuma kama pembe za ng'ombe. Aliyeiendesha alikaa wima kama mgeni rasmi. Na ilikuwa na gia saba.

Upande wa kulia wa usukani palikuwa na kidude cha kusukuma kwa dole gumba, kimeandikwa namba moja mpaka saba. Kazi ya kutaja namba ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye keria, tukifika kwenye kilima napaza sauti, "Mbili!" Kidude kikalia tk, na huku nyuma, chini ya visigino vyangu, cheni ikahama kutoka kwenye duara dogo la meno kwenda kwenye duara kubwa, na miguu ya baba ikawa myepesi ghafla. Tukifika tambarare napiga kelele, "Sita!" na upepo unaanza kunivuta mtandio. Sikumbuki furaha nyingine ya utoto wangu iliyoizidi hiyo. Watoto walimwita baba Gia Saba, na watu wazima nao wakafuata. "Gia Saba, suruali yangu vipi?"

Basi siku moja alikwenda Korogwe asubuhi, akarudi jioni na baiskeli nyingine. Ilikuwa ileile, lakini nyingine. Kidude cha namba hakikuwepo. Waya wake haukuwepo. Yale maduara saba ya meno pale nyuma yalikuwa yameondoka pamoja na kile kimkono kilichokuwa kikisukuma cheni, na mahali pake palibaki duara moja tu. Cheni ilikuwa imekatwa ikawa fupi, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hata breki ya mkono wa kulia ilikuwa imetolewa. Ilibaki ya kushoto peke yake, na ukitaka kusimama ulitakiwa ukanyage pedali kurudi nyuma.

"Gia zimekwenda wapi?" nikauliza.

"Zilikuwa zinasumbua. Vumbi."

"Hazijawahi kusumbua."

"Mwanaidi," akasema, "nenda kamsaidie mama yako."

Baba hakuwa mtu wa kunijibu hivyo. Nikaenda jikoni, na tangu hapo nikaanza kuangalia mambo kwa jicho la pembeni.

Kijiji kizima kilicheka. Wakasema Mzee Rajabu ameingizwa mjini. Kamwachia fundi baiskeli nzima, kachukuliwa nyama, karudishiwa mifupa. Fundi mwenyewe walimjua. Aliitwa Yoeli, Msambaa wa kutoka milima ya Bungu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa na kibanda chake Korogwe, nyuma ya soko, na watu wengi wa upande wetu walimpelekea baiskeli. Yeye na baba walikuwa na utani, Mzigua na Msambaa, wakitukanana kwa raha. Sasa ule utani ulinipa mashaka. Nilijiambia kwamba ndivyo wezi wanavyofanya: wanakuchekesha huku mkono uko kwenye mali yako.

Mama alikuwa na mashaka yake, na hayakuhusu baiskeli.

Kwanza, baba alianza kula peke yake. Sisi tulikula kwenye sinia moja, wote watatu, kwa mkono. Sasa alitaka sahani yake ya bati na kijiko chake, akakaa barazani na kugeukia cherehani. Pili, alianza kwenda Korogwe kila mwezi, siku ileile, bila kusema anafuata nini. Vitambaa na nyuzi alivinunua Handeni, wala si huko. Tatu, kazi ya tundu za vifungo, fahari yake, alianza kumwachia mama, akidai macho yamechoka. Na asubuhi ya safari ya Korogwe alioga muda mrefu na kuvaa shati la mikono mirefu.

Aliyeyatia mashaka hayo kuni ni Bi Tatu, jirani yetu aliyekuwa akipeleka machungwa Segera, pale njia panda ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Kwa kuwa alisafiri, alijua habari za kila mtu. Siku moja alikaa uani kwetu, akimenya chungwa taratibu, ganda lisikatike, akasema, "Mama Mwanaidi, mimi si mtu wa maneno. Lakini shemeji nilimwona Korogwe, amekaa kwenye benchi na mwanamke. Mfupi, mweupe. Wanacheka."

Mama aliendelea kupepeta mchele, lakini mchele safi ulianza kudondoka chini pamoja na makapi.

Mpaka leo sijui yule mwanamke alikuwa nani.

Mwezi uliofuata mama alimwambia baba kwamba sandali zangu zimekatika na Korogwe zipo nzuri, kwa hiyo aende na mimi. Baba alikataa mara mbili, mara ya tatu akakosa sababu. Alfajiri mama alinisuka nywele akinivuta kuliko kawaida, na kila msuko ulikuja na agizo. Nisitoke machoni pa baba. Nisile kitu cha mtu wala kunywa hata maji. Nikikuta mwanamke, niangalie kanga yake imeandikwa nini.

"Nisipoelewa maana yake?"

"Wewe soma tu. Maana nitaitafuta mimi."

Tukaondoka. Safari ambayo zamani ilikuwa ya kuimba namba ilikuwa ya kimya. Kilima kilipokuja baba alishuka na kusukuma, mimi natembea nyuma, namtazama mgongo. Kwenye mteremko alikanyaga pedali nyuma na baiskeli ikapungua mwendo bila yeye kugusa kitu. Mikono yake ilikuwa imetulia kwenye usukani, ule wa kulia umelazwa tu juu yake. Niliyaona yote hayo, lakini nilikuwa nimetumwa kutafuta mwanamke, basi sikuyajali.

Tulipofika, hakunipeleka kwenye sandali. Alinipeleka kwa fundi Yoeli.

"Shikamoo," nikasema bila kumtazama.

"Marahaba, Mwanaidi. Umekua." Kisha akamgeukia baba, na hawakutaniana. Waliongea kwa sauti ya chini, fundi akamshika baba kiwiko, akampa kikombe cha maji anywe. Baba akasema anakuja sasa hivi, nikae pale. Nikasimama nimfuate. Fundi akanizuia kwa upole, spana ikiwa mkononi.

"Baba yako kasema ukae."

"Anakwenda wapi?"

"Ana shughuli zake."

Hapo ndipo nilipoamini kwamba wanashirikiana. Na akili yangu ya miaka kumi, iliyokuwa imelala ikifikiri na kuamka ikifikiri, ikaunganisha kila kitu: yule mwanamke mfupi mweupe ni dada yake fundi Yoeli, na gia za baba ndiyo mahari. Nilijiona mwerevu kuliko watu wote wa Korogwe.

Fundi alininunulia muhogo wa kuchemsha wenye chumvi na pilipili. Ulinukia vizuri. Nikakumbuka maagizo ya mama, nikauweka kando na kuutazama ukipoa. Fundi alicheka kidogo, akaendelea kuosha cheni ya mteja kwenye dumu. Mteja mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Kimasai aliyebeba maziwa kwa baiskeli. Alikaa kwenye kigogo na fimbo yake mapajani, hana haraka.

Nilikaa kwenye benchi na miguu yangu ikaanza kucheza. Kisigino kikagonga kitu chini ya benchi, kikalia kama vyuma. Nikainama. Ulikuwa mfuko wa unga wa sembe, umefungwa mdomo kwa uzi mweupe. Uzi ule niliujua, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa namfungulia baba vibunda vyake vya uzi kila wiki. Nikaukata kwa meno.

Ndani, vimepakwa mafuta na kufungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga, vilikuwa kidude cha namba, waya wake, kile kimkono cha nyuma, breki ya kulia, na maduara yote saba ya meno.

Naomba mnielewe. Sikuwa nimetumwa kutafuta gia, lakini nilipoziona nilihisi kama nimepata alichonituma mama na zaidi. Niliuburuta mfuko mpaka katikati ya njia na kupiga kelele, "Hizi gia za baba yangu! Huyu kaziiba! Mwizi!"

Neno mwizi sokoni halihitaji kurudiwa. Watu walikuja kutoka kwenye nyanya, kutoka kwenye mitumba, kutoka saluni, wengine na povu kichwani. Na katikati yao, kikapu kichwani, nikamwona Bi Tatu. Sijui mama alikuwa amemtuma naye, au ni miguu yake mwenyewe iliyomleta. Alikuwa anang'aa.

"Rudisha hapo, Mwanaidi," fundi alisema taratibu. "Tafadhali."

"Fundi," mtu mmoja akauliza, "hizi za nani?"

"Za Mzee Rajabu."

"Sasa kwako zinafanya nini?"

Fundi alifungua mdomo. Nakumbuka ulivyofunguka, na nakumbuka ulivyojifunga. Akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mwenyewe anakuja," akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Baba alitokea kwenye kona, bahasha ya khaki imejitokeza kwenye mfuko wa shati. Alipouona umati alipunguza mwendo. Alipoyaona yale maduara ya meno chini vumbini alisimama kabisa.

Bi Tatu ndiye aliyeuliza. "Shemeji, gia zako huku zinafanya nini? Ulimpa mwenyewe?"

Baba alinitazama mimi. Akamtazama Bi Tatu, ambaye kabla ya jua kuzama angekuwa amefika Segera na kijijini na kila kituo cha katikati. Akamtazama fundi Yoeli. Fundi alikuwa anamtazama yeye, anangoja tu.

"Mimi," baba alisema, "nilijua zilitupwa."

Basi. Hayo tu. Watu wakaguna kwa pamoja. Yule mzee wa Kimasai akainuka, akachukua baiskeli yake ikiwa haina cheni, akaweka cheni begani ikiwa inadondosha mafuta ya taa, akaondoka akiisukuma bila kugeuka nyuma. Mama mmoja aliyekuwa ameacha tairi lake naye akalichukua. Fundi Yoeli alikusanya vile vyuma, akavifuta vumbi, akavirudisha kwenye mfuko na kunipa mikononi.

"Shika vizuri," aliniambia. "Vizito."

Nilirudi nyumbani na mfuko mapajani kama bibi harusi na zawadi zake. Sandali hatukununua.

Hatukuwa tumefika vizuri uani nilipoanza kumsimulia mama. Nilimwambia kila kitu: mfuko, kelele, watu, maneno ya baba. Mwanamke sikumwona, nilisema, wala kanga. Mama alishika kifua kwa mkono mmoja. Nilidhani atakasirika, kumbe alikuwa anapumua. Kama fundi ni mwizi tu, basi hakuna dada yake, hakuna mahari, hakuna nyumba ya pili Korogwe. Akanikumbatia. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Umemfanyia baba yako jambo la maana. Ungekuwa wa kiume wangekufanya polisi."

Baba alikuwa amekaa barazani, karibu na cherehani. Jambo lingeweza kuishia hapo. Kila mtu alikuwa amepata alichokitaka: kijiji kimempata mwizi wake, mama amempata mume wake, mimi nimepata sifa. Lakini aliposikia napongezwa alianza kucheka, kicheko kibaya kisicho na sauti, mabega yanaruka. Akaita, "Mama Mwanaidi, njoo. Na mtoto aje."

Alichomoa sindano kutoka kwenye kile kimto cha sindano. Akaukunja mkono wa kulia wa shati, akauweka mkono wake juu ya meza. Sikuwa nimeuangalia mkono ule kwa karibu kwa miezi. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimejikunja na havikunjuki, na kwenye kiganja palikuwa na kovu la moto la umbo la ncha ya pasi. Akachukua sindano, akajidunga kidole cha mwisho, taratibu, mpaka tone la damu likatoka. Uso wake haukubadilika. Alikuwa anamtazama mama.

"Sisikii," akasema. "Pasi iliniunguza, nikajua kwa harufu."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Alisimulia. Alikuwa amepeleka breki kwa fundi Yoeli, maana siku moja kwenye mteremko alibana na vidole havikubana, akaingia kwenye mbuzi wa watu. Fundi aliikagua breki na kuikuta nzima. Ndipo alipoomba kuuona mkono. Mjomba wake Yoeli, huko Bungu, aliwahi kuwa na mkono kama ule. Akafunga kibanda siku hiyo na kumpeleka hospitali mwenyewe. Walimpima, wakamwambia ni ukoma, na kwamba kuna vidonge vya mwaka mzima, na ukishaanza vidonge humwambukizi mtu. Kila mwezi alitakiwa kwenda kumeza mbele ya nesi na kuchukua vya mwezi mzima. Baba aliyaamini yote isipokuwa hilo la kutoambukiza, ndiyo maana ya sahani na kijiko.

Gia ni wazo la fundi. Alisema mikono iachwe ishike tu, kazi nyingine yote ifanywe na miguu. Alikesha akitafuta habu ya zamani, kile kitovu cha gurudumu, yenye breki ya kukanyagia nyuma, akaisuka spoku upya moja moja, akaikata cheni mpaka ikanyooka.

"Na zile za kwenye mfuko?" mama akauliza.

"Alisema mkono ukipona tutazirudisha. Nikamwomba azifiche, msije mkaniuliza. Nikamwomba asimwambie mtu yeyote. Akaniapia."

Mama aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na sinia la chakula na ile sahani ya bati. Akaimimina sahani yote kwenye sinia, wali na maharage, akaketi chini, akasema, "Njooni tule." Baba alilia, na alikula kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemsema.

Tulipomaliza nikauliza, "Na fundi?"

Wazazi wangu walitazamana. Mama ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa laini. "Fundi atavumilia kidogo. Tukisema kwa nini hakuiba, tutasema na mengine. Nani atavaa shati lililoshonwa na mkono huo, Mwanaidi? Hata tukiwaambia ameshapona?" Akanishika kidevu. "Hili ni la kwetu sisi watatu."

Nikakubali. Nataka mlijue hilo. Kuanzia jioni ile sikuwa mtoto asiyejua. Nilijua, na niliposikia watoto shuleni wakiimba kuhusu fundi wa Bungu anayekula gia, niliinamisha kichwa na kuandika.

Nesi alitukagua ngozi, mimi na mama, tukawa wazima. Baba alimeza vidonge vyake miezi kumi na miwili, na daktari akasema ugonjwa umekwisha. Lakini vidole vile viwili vilibaki vimejikunja, na gia zilibaki kwenye mfuko. Korogwe watu wa upande wetu walianza kupeleka baiskeli kwa fundi mwingine. Baba alipita mbali na kibanda cha Yoeli kila mwezi, na mwezi mmoja akakuta kibanda kimefungwa. Alipouliza akaambiwa amerudi kwao kulima.

Zaidi ya nusu mwaka baba alikaa na habari hiyo. Alishona vibaya, alikuwa mkali bila sababu. Kisha siku moja ya gulio pale kijijini kwetu, watu wamejaa, alisimama juu ya kiti chake cha kushonea na kuinua mkono wa kulia juu, vidole vimejikunja, kila mtu auone. Akasema nilichokwisha kuwaambieni. Akasema mtoto asilaumiwe, kwamba mtoto alisema alichoona, ila yeye alisema uongo akijua ni uongo. Bi Tatu alikuwa karibu na machungwa yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kuongeza. Baba akashuka na kuendelea kushona. Wateja wengine hawakurudi. Wengi walirudi.

Wiki iliyofuata alinichukua tukaenda Bungu kwa lori lililopanda kufuata kabichi. Nilikuwa sijawahi kuona ukungu mchana. Tulimkuta fundi Yoeli shambani kwake, kwenye mteremko mkali, na ile kofia ya sufu ambayo huku juu ilikuwa na maana. Alipotuona alichomeka jembe ardhini akasimama. Nikapiga goti kwenye udongo wenye maji.

"Shikamoo, fundi. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Inuka, utapata baridi." Akamgeukia baba. "Mzigua, umeniletea polisi wangu?" Na wakacheka, wale wanaume wawili, wameshikana mikono, ule wa kulia wa baba ndani ya mikono miwili ya fundi.

Mke wake alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba, anapukuchua maharage kwenye ungo. Hakuinuka. Aliitikia salamu yangu bila kuniangalia. Tulipoketi ndani baba alisimulia yote upya, kwa heshima, kama mtu anayelipa. Nilikuwa namtazama yule mama, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuwatazama watu. Baba alipofika kwenye hospitali, mikono yake iliacha kupukuchua. Alipofika kwenye kiapo, yule mama aliuweka ungo chini. Akamtazama mume wake muda mrefu.

"Hata mimi, Yoeli?" akasema. "Hata mimi?"

Fundi aliangalia chini. "Nilimwapia."

Yule mama alifunika uso kwa kanga akalia. Kisha akaenda kutuchemshia chai.

Niliporudi nilimwambia mama kwamba mke wa fundi alilia kwa furaha. Nililiamini hilo kwa miaka mingi. Ilinibidi niolewe, nilale na kuamka na mtu, nijue uzito wa kumtazama mume wako akinawa mikono na kujiuliza hiyo mikono imeshika nini. Mama yangu alimshuku mume wake miezi michache, akapata jibu juu ya meza ya cherehani. Yule mama alishuku karibu miaka miwili. Kila spana, kila tyubu iliyoletwa nyumbani, pengine alijiuliza ni ya nani. Kanisani pengine alichagua benchi la nyuma. Na mume wake aliyaona mashaka hayo kila siku, akanyamaza, kwa ajili ya fundi cherehani wa tambarare ambaye hawakuwa hata na undugu.

Tulikuwa tumekwenda Bungu kumwomba radhi mtu mmoja. Tulimwomba, tukasamehewa, tukanywa chai, tukafungiwa maharage ya kupeleka nyumbani, maharage aliyoyapukuchua mke wake. Lori lilipopiga honi tulikimbia tusiachwe. Yule mama hakuna aliyemwomba radhi.